Mwalimu wa Dola Nne

"Tupo wapi, Zuwena?"

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyonipokea kila nilipoteremka ngazi za nyumba yetu, tangu nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani na juzuu kifuani mpaka nikawa mwanamke mzima mwenye funguo za hoteli mkononi. Wengine huuliza umeamkaje. Yeye aliuliza tupo wapi, na jibu lilikuwa moja tu: "Tupo kwenye vidole, Mwalimu." Hapo ndipo aliponipisha nipite.

Vidole hivyo ni vya miguu ya ile sanamu aliyoiota mfalme wa Babeli, ndoto inayosimuliwa ndani ya Biblia: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Kwa Mwalimu hakuna kilichokuwa wazi zaidi duniani. Kichwa ni Babeli, kifua ni Wamedi na Waajemi, tumbo ni Wayunani, miguu ni Warumi. Vidole ni falme za Ulaya zilizozaliwa Rumi ilipovunjika, zitakazohangaika kuungana na zisiungane. Baada ya vidole linakuja jiwe, linaipiga sanamu yote, na hapo historia inafunga duka. Mimi ni Muislamu mwana wa Muislamu, na mpaka leo, naye hayupo tena, naweza kuzitaja dola nne hizo kwa mpangilio wake vizuri kuliko ninavyoweza kuwataja wajomba zangu wa Makunduchi.

Tulikuwa tukikaa nyumba moja Mkunazini, nyumba ya mawe iliyogawiwa chumba kwa chumba. Mimi na mama tulikuwa juu, yeye chini, katika chumba kinachotazama ua. Alisomesha historia skuli ya serikali mpaka akastaafu. Alikuwa Mkristo wa dhehebu dogo linaloshika Jumamosi, mjane wa miaka mingi, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Naomi, aliyekuwa akiishi Mwanza. Naomi hakuwa akisema naye. Si kwamba walikuwa wakigombana, la, walikuwa hawasemezani kabisa, na katika dunia hii yote Mwalimu hakutaka kitu zaidi ya neno moja kutoka kwa huyo binti. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema. Mtu akimsikia akizungumza Babeli na Rumi mchana kutwa angedhani hana shida nyingine.

Picha ya sanamu aliichora mwenyewe juu ya kitambaa cha amerikani, ndefu kuliko mimi, akaitundika juu ya kitanda chake. Rangi alizipata kwa mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba za mtaani, kila mmoja akimtilia masalio yake koponi. Kwa hiyo dhahabu ya Babeli ilikuwa rangi ya manjano ya duka la simu, fedha ya Waajemi ilikuwa rangi ya kupakia mabati, shaba ya Wayunani ilikuwa vanishi ya milango, na chuma cha Warumi kilikuwa rangi nyeusi ya nondo za madirisha. Udongo wa nyayo ulikuwa udongo hasa, mwekundu, aliouchota njiani siku alipowapeleka wanafunzi Jozani kutazama kima punju, akauchanganya na gundi. Udongo ule haukukaa. Kila Ijumaa alasiri, kabla jua halijachwa na Sabato yake kuingia, alifagia chini ya picha na kusema, "Zinaanguka zenyewe hizi, sina haja ya kuzisukuma." Kisha anachanganya gundi nyingine.

Mama, kabla ya kuniruhusu kukaa chini ya picha ile kufundishwa, alimwita uani akamwekea sharti.

"Mwalimu, mwanangu mfundishe hao wafalme wako wote. Dini yake tuachie wenyewe."

"Umesema, Bi Asha," Mwalimu akajibu, na akalitimiza. Hakunivuta hata siku moja. Akifika pale hadithi inapogeuka kuwa mahubiri, alisimama, akafuta mikono ya chaki, akasema, "Hapa pana mlango, na mama yako kaufunga. Turudi Rumi." Nimewahi kukutana na watu wa dini nyingi kazini kwangu, wakiwemo wa dini yangu, wala sijapata kuona aliyeweza kujizuia namna ile.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa miguu. Alitutoa darasani, sisi wanafunzi wake wa skuli, akatupeleka Ngome Kongwe, akatuambia kila mmoja aweke kiganja ukutani. "Hapa Mreno alikuwa na kanisa lake. Akaja Muomani, akajenga ngome juu yake. Akaja Mwingereza, humu humu ndani wake zake wakacheza tenisi. Na leo?" Sote kwa pamoja tukajibu, "Leo wanauza vinyago!" Hapo alifurahi. Alikuwa akituambia kwamba Mreno alipokuja huku alitaka kutuachia mfalme wake, hakuweza, akatuachia maneno mawili, meza na leso, basi nyinyi mkikaa mezani na mkijifunga leso kumbukeni jinsi dola zinavyopungua. Mpaka leo siwezi kufuta meza ya mapokezi bila kumfikiria yule Mreno maskini.

Nilipopata kazi Kendwa, hoteli ya ufukweni, nilimletea habari niliyojua ataipenda. "Mwalimu, vidole vyako nnavyo mimi kule. Vimejipaka mafuta, vimelala juani."

"Vingapi?"

"Wiki hii saba. Na Mjerumani na Mwingereza wanagombania vitanda vya mbele. Mmoja anaamka alfajiri kutandika taulo lake, mwenziwe akija analitupa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Si nliwaambia? Si nliwaambia hawashikamani!" Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka kwa sauti, na kwa wiki kadhaa kila mtu aliyepita uani alisimuliwa habari ya taulo kama ushahidi.

Lakini alikuwa mtu mpweke, na upweke wake ulikuwa na mpangilio wake. Ijumaa mtaa mzima unakwenda msikitini, yeye yupo. Jumapili Wakristo wenziwe wanakwenda makanisani mwao, yeye yupo. Jumamosi anakwenda yeye, sisi sote tupo sokoni. Krismasi dhehebu lake lilikuwa haliiadhimishi, Idi si yake, kwa hiyo mwaka wake wote ulikuwa hauna siku hata moja ya kupigiwa hodi kwa furaha. Mama aliliona hilo kabla yangu. Ndiyo maana hakuacha kumpelekea sahani.

Na kwa habari ya sahani, kuna mkasa wa pweza. Mama alipohamia nyumba ile alimpelekea pweza wa nazi, chakula anachokijua kuliko vyote. Sahani ikarudi kesho yake imeoshwa, ndani yake mna ndizi mbivu tatu, kwa sababu kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na Mwalimu adabu za mji alikuwa nazo zote. "Nazi ilikolea, Bi Asha," akasema. Basi mama akawa kila akipika pweza anamtolea. Hii ikaenda miaka sita. Siku moja mama anateremka na sahani, akaona paka wanane wamepanga foleni mbele ya mlango wa Mwalimu. Harufu ilikuwa imewafikia kabla ya chakula. Kumbe Biblia yake inamkataza kila kiumbe cha baharini kisicho na mapezi na magamba. Unguja nzima sijui mwengine ambaye nguruwe hali na pweza pia hali.

"Miaka sita, Mwalimu!" mama akapiga kelele, mikono kiunoni. "Miaka sita nnawapikia paka!"

"Nlichelea kukuvunja moyo, Bi Asha."

"Si ungesema tu? Neno moja! Ningekupikia samaki changu!"

Mwalimu akatazama chini. Angeweza kueleza bila kumeza mate jinsi Mwajemi alivyoingia Babeli, lakini kumwambia jirani yake kwamba pweza hali, hilo lilimshinda. Tulilicheka sana jambo hili. Baadaye niliacha kulicheka, kwa sababu niliona kuwa ndiyo kasoro yake yenyewe, na kwamba haikuishia kwenye pweza.

Kanisani kwake nako hakuwa na raha. Walikuwa na kitabu chao cha masomo kilichotoka ng'ambo, na kila dola iliyotajwa mle baada ya Rumi ilikuwa ya Ulaya. Mwalimu alinyosha mkono akauliza Oman iko wapi. Mkuu wa kanisa akamwambia unabii haukuhusu Unguja. "Basi mfalme wa Babeli aliota Ulaya tu?" Mwalimu akasema. "Watu waliotolewa hapa na minyororo, kwenye ndoto hiyo hawamo?" Alinisimulia mwenyewe. Hakufukuzwa, ila walimwondoa katika zamu ya kufundisha, na tangu hapo akawa anakaa benchi la nyuma peke yake. Hakuhama. Nilimwuliza kwa nini haendi kwengine, akaniambia, "Wale ndio ndugu zangu. Ndugu huwahami."

Ukimsikiliza hivyo utadhani kila balaa aliligeuza somo. Sivyo. Mwaka mmoja wa mvua kubwa za masika nyumba moja kongwe ya uchochoro wa nyuma yetu iliporomoka mchana kweupe. Tulikimbia sote. Vumbi halijatua, mwanamume mmoja mwenye maneno akamwona Mwalimu, akaita, "Ndiyo nyayo za udongo hizi, Mwalimu, eti?" Sijapata kumwona Mwalimu na uso ule. "Kuna mtu mle ndani, yakhe. Funga mdomo ushike jiwe." Akavua shati lake la kwendea mjini, akaanza kupokea mawe mkono kwa mkono na vijana, mzee wa umri ule, mpaka fundi cherehani aliyekuwa ndani akatolewa na mguu uliovunjika. Jioni nilimkuta anaosha mikono iliyochubuka. Hakutaja sanamu wala jiwe. Aliniuliza tu kama fundi ameshapata mtu wa kumpelekea uji hospitali.

Na lipo jambo moja ambalo kwa muda mrefu sikulielewa. Pale baraza la kahawa alikuwa akizungumza vizuri na wazee wa Kiislamu, wakibishana juu ya Rumi kwa heshima zote. Siku moja muuza vitambaa mmoja, mcheshi, akamwambia, "Mwalimu, tutajie mwaka basi, tujue kama tujenge au tusijenge!" Watu wakacheka. Mwalimu akasimama, kikombe kikamponyoka.

"Mtu akikutajia mwaka, mkimbie," akasema. "Hata akiwa mimi. Hasa akiwa mimi."

Akaondoka. Hakukaa tena baraza lile mpaka mfungo ukaingia ukatoka. Wazee walimtumia salamu kwamba mwenzao alikuwa akitania, akajibu anajua. Sote tulidhani ni hasira ya dini.

Alikuwa na redio ndogo ya betri. Ilipofika taarifa ya hali ya hewa alinyanyua mkono tunyamaze, hata kama Rumi ilikuwa inaungua. Pemba, Tanga, Dar es Salaam, hizo hakuzijali. Ilipotajwa kanda ya ziwa aliinama akaweka sikio. "Mwanza kunanyesha," alituambia, kama mtu anayeeleza kuwa nyumbani kwake kunanyesha. Na kila aliyesikia kuwa anakwenda bara, hata akiwa anakwenda Morogoro, alimpa salamu: "Ukimwona binti yangu mwambie baba yake mzima." Kana kwamba Mwanza ni uchochoro, ukipinda kushoto utamkuta Naomi mlangoni. Wengine waliitikia inshallah kwa huruma. Namba ya simu hakuwa nayo. Aliyokuwa nayo ilikuwa imekufa zamani, na bado aliipiga, kwa simu yake ya kitochi, akasikiliza yule mwanamke wa mtandao akimwambia haipatikani, akamshukuru.

Mimi namba nilikuwa nayo. Sasa nimelisema.

Naomi alinitafuta mwenyewe, miaka mitatu kabla ya yote kwisha. Ananizidi miaka kumi, na nilipokuwa mdogo alinisuka nywele kwenye ngazi. Alinipata mtandaoni, tukaamkiana, akaniuliza habari za mama na za nyumba, na za paka. Kisha akaandika: "Baba usimpe namba yangu. Nakuomba." Nikakubali, maana sikujua nakubali nini. Halafu akanieleza, na hapo ndipo nilipoelewa kikombe kile kilichoponyoka.

Mimi nilipokuwa darasa la tatu, Naomi alipata nafasi chuo cha uuguzi, bara. Aliisoma barua uani mara mbili mbele ya majirani. Wakati huo Mwalimu alikuwa na daftari ambalo hakuna aliyeliona. Alikuwa amezikusanya siku zote zilizotajwa na nabii aliyeifasiri ndoto ile, akaigeuza kila siku kuwa mwaka, akaanzia amri ya mfalme wa Uajemi, akapita Rumi, akapita vita vya Ulaya, na hesabu yake ikatua kwenye mwaka mmoja, wa pili mbele yao. Kanisa lake lilikataza kutaja mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa akifundisha kwamba ni marufuku. Kwa hiyo hakumwambia mtu, isipokuwa mmoja. "Chuo hutakimaliza, mwanangu," akamwambia. "Kaa na mimi tungoje pamoja." Naomi alikuwa na miaka kumi na tisa, na baba yake ndiye mtu mwenye akili kuliko wote aliowajua. Akakaa. Nafasi ikapewa mwengine.

Mwaka ule ukaja. Kukawa na Ramadhani, kukawa na masika, karafuu zikachumwa, mwaka ukaisha. Asubuhi ya mwaka mpya Mwalimu alivaa shati lake, akachukua boksi la chaki, akaenda skuli kupanga darasa. Hakusema kitu. Naomi akangoja aseme. Alingoja miezi minane, kila jioni wanakula sahani moja, na kila jioni baba anazungumza Uajemi. Mwezi wa tisa akapanda boti ya asubuhi.

"Sikuondoka kwa sababu alikosea," aliniandikia. "Nani asiyekosea? Niliondoka kwa sababu alijifanya hakuna kilichotokea."

Sasa anauza vitenge sokoni, ana watoto wawili. Aliniletea picha zao. Mmoja ana paji la uso la Mwalimu vile vile, na mimi nikawa nazitazama picha hizo chumbani kwangu Kendwa, kisha nakuja mjini nakaa na babu yao, naye ananiambia Mwanza kunanyesha. Naona haya hata kuandika. Mara nyingi simu ilikuwa mfukoni mwangu, kiasi cha mkono kutoka kwenye goti lake. Nilijiambia siri ni amana, na ni kweli, lakini kuna siku nilizoacha kwenda kumwona kwa sababu nilikuwa siwezi kuibeba.

Siku ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa alasiri moja ya Alkhamisi. Mama nilikuwa nimeshamhamishia Fuoni kwa kaka yangu, magoti yalikuwa yameshindwa na ngazi, na vyumba vya juu vilikuwa vimegeuzwa nyumba ya wageni. Mwalimu alibaki chini peke yake, na alichokuwa akisikia siku nzima ni magurudumu ya masanduku yakiburutwa juu ya kichwa chake. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Nilimpelekea mkate na chai, nikamkuta amekaa kitandani, amevaa vizuri, amechomekea, kama anangoja mtu.

"Zuwena," akasema, "wewe una macho. Nataka uniandikie barua."

"Kwa nani, Mwalimu?"

"Kwa Naomi. Ila sijui niipeleke wapi."

Sikuweza tena. Nilikaa chini, juu ya sakafu, nikamwambia, "Mwalimu, namba ya Naomi nnayo."

Hakugeuka. "Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu. Kanambia nisikupe."

Nilingoja anifukuze. Ningefukuzwa ningekwenda, ilikuwa haki yake. Alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa, kisha akasema, "Umefanya vizuri kumtunzia siri yake. Mimi yangu nilimtwika." Hapo nikajua kwamba anajua kilichomwondoa Naomi, na kwamba alikuwa akijua muda wote.

Nikamwandikia Naomi pale pale. Nilimwambia baba yako macho hayaoni, anataka kukuambia jambo, anaweza kusema kwa sauti nikakutumia? Jibu lilikuja nilipokuwa nachemsha chai nyingine. Nikamsomea Mwalimu kama lilivyo, bila kulilainisha: "Aseme. Siahidi kujibu."

"Haki yake," akasema. "Bonyeza."

Nikabonyeza, nikamsogezea simu mdomoni. Akajikohoza. "Mwanangu Naomi. Mfalme wa Babeli, katika mwaka wa pili wa kutawala kwake, aliota ndoto, na roho yake..."

Nikaifuta. "Mwalimu, hiyo anaijua."

"Kweli. Anaijua." Akavuta pumzi. Mara ya pili alianza na amri ya Mwajemi. Nikafuta. Mara ya tatu alianza na kuvunjika kwa Rumi. Nilitaka kucheka na machozi yalikuwa yananitoka, kwa sababu niliona anajitahidi. Alikuwa anakuja, kwa njia aliyoijua, karne kwa karne, na alikuwa hajui kwamba njia hiyo haifiki.

"Mwalimu," nikamwambia, "anza na wewe."

Akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. Nilisikia wageni wa juu wakiteremka ngazi, wakapita, mlango ukafungwa. Nikabonyeza.

"Naomi," akasema. "Nilikosea. Ule mwaka nilikosea. Nilijua asubuhi ile ile kuwa nimekosea, nikaenda skuli. Chuo chako nilikivunja mimi. Sikukuambia, niliona haya, na kila siku iliyopita haya zikazidi. Ndiyo hayo tu."

Kidole changu kikaachia, ikaenda.

"Kasikia?" akauliza.

"Bado, Mwalimu."

Nikakata mkate, nikamtilia chai. Hakula. "Kasikia?"

Nikatazama. "Kasikia."

"Ahaa," akasema, na akanyosha kola ya shati lake. Tukakaa. Sikumbuki tulikaa kiasi gani, nakumbuka adhana ya alasiri ilikuwa imeshakwisha na jua lilikuwa limefika ukuta wa pili wa ua. Nilimchukia Naomi kidogo, halafu nikajichukia kwa kumchukia.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti, wa sekunde mbili. Nilidhani amebonyeza kwa makosa. Nikamwekea sikioni, nikafungua, nami nikasikia.

"Shikamoo, baba."

Basi. Nyuma yake kelele za soko, kisha hakuna kitu.

"Marahaba, mwanangu," Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si ya darasani wala si ya kanisani. Akabaki ameinamisha kichwa juu ya simu, anangoja.

Nilimgusa mkono. "Mwalimu, hakusikii. Ni sauti tu imerikodiwa."

"Najua," akasema. "Ifungue tena."

Nikaifungua tena, naye akaitikia tena.